Madoa ya Sixten

Nitasema mapema ili mtu asije akanionea huruma bure: mikono iliyofuta maneno ya marehemu Sixten ni hii hii yangu. Hakuna aliyenitishia. Nilivaa miwani, nikawasha taa ya mezani, nikachovya pamba kwenye spiriti, nikafuta, kisha nikainua kazi yangu kwenye mwanga na kujisifu. Ndiyo maana kila nikiikumbuka habari hii nasikia kichefuchefu, na zaidi ya nusu ya kichefuchefu hicho ni kujichukia mwenyewe.

Mimi ni dobi. Si dobi wa pasi na wanga, hao wamejaa. Mimi ni mtoa madoa. Katika hoteli moja ya Al Mankhool, Dubai, nilifanya kazi hiyo miaka sita. Shuka likiingia na damu, kanzu ikiingia na mafuta ya udi, shati la mgeni likiingia na rangi ya midomo ya mtu asiye mkewe, wenzangu walikuwa wanapaza sauti moja tu, "Hesbon!" Nami nakuja na chupa zangu nne na kijiti changu cha mfupa. Kwetu Vihiga hawaamini kwamba hiyo ni kazi ya kumlisha mtu mzima. Mama yangu huwaambia majirani kwamba mimi ni meneja wa nguo.

Aliyenipeleka kwa Mswidi mwenye santuri, Bwana Hallgren, ni Yowasi, Mganda tuliyekuwa tukisali naye kanisa moja, askari wa getini katika jengo moja la Discovery Gardens. Ilikuwa mwaka 2008, miezi ya mwisho ya joto.

"Banange, Hesbon," aliniambia kwenye simu, "kuna mzungu hapa ghorofa ya tatu anatafuta mtu wa kutoa wino kwenye karatasi na karatasi isijue. Nimemwambia namjua mchawi."

"Karatasi gani? Isiwe ni mambo ya pasipoti, buda. Mimi sitaki jela ya watu."

"Si pasipoti. Ni santuri. Zile sahani nyeusi za muziki wa zamani. Njoo Ijumaa."

Nikaenda Ijumaa, siku yangu ya mapumziko. Bwana Hallgren alinifungulia mlango amevaa kaptula na glavu nyeupe za pamba, kama daktari aliyesahau suruali. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mwekundu shingoni, anafanya kazi ya mitambo huko bandarini Jebel Ali. Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja na sebule, na katika chumba cha kulala zilikuwa zinalala santuri. Yeye mwenyewe alitandika godoro sebuleni, nyuma ya kochi. Huko chumbani kiyoyozi hakikuzimwa usiku wala mchana, mapazia yamepigwa misumari, rafu toka sakafuni hadi darini, na harufu. Siisahau harufu ile. Ilikuwa ya ukungu na sigara za watu waliokwisha kufa, na haitoki kwenye nguo hata ukiloweka mara mbili.

Alinieleza mambo yake kwa Kiingereza chenye kupanda na kushuka. Zamani, miaka ya sitini na sabini, kila kimji cha kaskazini mwa Uswidi chenye kiwanda cha mbao au karatasi kilikuwa na vijana wanne watano wenye magitaa. Wanachanga mishahara yao, wanakwenda kwenye studio ya mji wa jirani, wanarekodi nyimbo mbili za roki, wanatengenezewa santuri mia mbili au mia tatu. Wanaziuza kwenye dansi za Jumamosi. Zikiisha au zisipoisha, wanaoa, wanarudi kiwandani, basi. Nje ya wilaya yao hakuna aliyewahi kuwasikia.

"Na sasa," alisema, na macho yakamng'aa, "kuna watu Japani wanaozitafuta kuliko dhahabu."

Alinipigia moja nisikie. Ee bwana! Gitaa lilikwaruza kama mlango wa stoo, ngoma zikiwa zimeshaondoka na mwimbaji bado anazifuata, halafu mtu analia kwa lugha yake kupitia puani. Nilidhani mashine ina kasoro. Bwana Hallgren alikuwa amefumba macho. "Unasikia huo uhalisi?" aliniuliza. Nikasema nausikia, sir. Nilikuwa nautamani mshahara wake, si uhalisi.

Kila kiangazi alikwenda kwao, akakodi gari, akagonga milango ya wazee. Kila asubuhi, kabla ya kahawa, alifungua kompyuta akasoma matangazo ya vifo ya magazeti ya huko. Sikutunga mimi hilo. Alinionyesha kwa fahari. Mpiga besi fulani amefariki, miaka sabini na moja, ameacha mke na watoto watatu. Sir anaandika jina kwenye kidaftari, anahesabu wiki mbili za adabu, kisha anaandika barua ya rambirambi na kuuliza kama darini kuna maboksi. Alikuwa anasema hivyo huku anakula samaki wa siki kwa vidole kutoka kwenye chupa, akijipangusa kwenye kaptula. Kwa santuri alivaa glavu. Kwa wafiwa hakuvaa chochote.

Kazi yangu ilikuwa hii. Katikati ya santuri kuna kibandiko cha duara cha karatasi, na wenye santuri walikuwa na tabia ya kuandika juu yake. Jina, tarehe, neno la kumpa mchumba. Wanunuzi wa sir hawataki kuona mwandiko wa mtu. Wanataka santuri iliyo kama imezaliwa jana. Yeye alijaribu kufuta mwenyewe akachana vibandiko viwili, akalia kabisa, kwa maelezo yake. Mimi sikuchana hata kimoja. Wino unadonolewa kwa pamba yenye spiriti kidogo, haufikichwi. Unadonoa, unatupa pamba, unachukua nyingine. Penseli inatoka kwa raba laini na subira. Siku ya tatu tu sir alinipiga bega akasema mikono kama hii haipaswi kuoza hotelini. Kampuni yao ina nafasi ya stoo. Akizungumza na watu wa ofisi, viza yangu inahamishwa toka hotelini kwenda kwao.

Unaelewa maana ya maneno hayo mwaka ule. Kufika Oktoba uchumi ulianza kubomoka mjini. Hoteli yetu ilikuwa imerudisha makwao watu kumi na tisa, na orodha nyingine ilikuwa inaandaliwa. Mimi nilikuwa na wadogo zangu wawili shuleni. Nikawa nadonoa kwa moyo wote.

Sasa boksi la Sixten.

Lilifika katikati ya Oktoba, santuri themanini na tatu, na zote ni moja: bendi ile ile, wimbo ule ule, kutoka Ångermanland, mkoa ambao jina lake sikulitamka sawasawa hata siku moja. Jina la bendi sir alilitafsiri kuwa Wana wa Msumeno. Zilikuwa zimebaki bila kuuzwa tangu 1969. Vibandiko vyake vilikuwa vyeupe, na mahali peupe pote palikuwa pameandikwa. Penseli, kalamu, mistari miwili, neno moja, mistari minne iliyobanana. Bahasha za karatasi nazo zilikuwa zimejaa maandishi, lakini hizo sir alikuwa ameshazitupa.

"Usimwambie mtu ziko themanini," alininong'oneza, nyumbani kwake mwenyewe, kana kwamba ukuta utapeleka habari kwa wanunuzi wake wa Osaka. "Duniani zinajulikana tatu tu. Nitaziachia moja moja."

Niseme nilivyofikiri, maana hapo ndipo ujinga wangu ulipo. Nimekua na redio ya salamu. Kwetu baba alikuwa mwanachama wa kundi la salamu, anatuma kadi kila wiki: nasalimia fulani wa Mbale, fulani wa Luanda, na mwisho kabisa nijisalimie mwenyewe. Mjomba wangu alikuwa mfagiaji kwenye kituo cha redio, akatuambia watangazaji walikuwa wanaandika majina ya wanaosalimiwa popote, hata juu ya santuri, ili wimbo ukiwekwa yasomwe. Basi nilipoona santuri themanini na tatu za wimbo mmoja zimejaa mwandiko wa mtu mmoja, nikasema moyoni: ahaa, huyu ndiye alikuwa mtangazaji wao. Hizi ni salamu. Zimeshasomwa, waliosalimiwa wamesalimika, wengi wao wako kaburini. Salamu ikishasomwa haina kazi. Nikafuta bila hata chembe ya wasiwasi, nikipiga mluzi.

Moja ilinisumbua. Haikuandikwa kwa penseli wala wino, ila kwa chaki ya nta, nyekundu, ile wanayowekea alama mbao kiwandani. Nta ni adui. Ukikosea inayeyuka, inaingia kwenye karatasi na hutaitoa tena. Niliishughulikia kama rangi ya midomo: nikakwangua taratibu kwa kijiti cha mfupa, nikapasha kijiko, nikainyonya kwa karatasi laini, kisha spiriti, kisha tena. Dakika arobaini. Mwishoni sir aliichukua kwa glavu zake, akaiinua dirishani, akasema, "Hesbon, wewe ni msanii." Nilikwenda nyumbani kwa basi nimejaa neno hilo kichwani. Msanii!

Barua ilikuja wiki tatu baadaye. Wakati huo nilikuwa nimefuta sitini na mbili, zimebaki ishirini na moja. Sir aliisoma mezani, akacheka na chakula mdomoni, akaona anitafsirie nami nicheke.

Iliandikwa na mama anayeitwa Gunvor, mjane wa mwimbaji. Mwanawe wa kiume alimpa Hallgren boksi kiangazi kilichopita, kwa mkopo, ili atengeneze kitabu cha bendi za mkoa. Mama hakuwepo nyumbani siku hiyo. Sasa anaomba boksi lirudi, kwa sababu ya maandishi. Sixten, mumewe, aliugua koo mwaka 1994, akakatwa zoloto, kiungo cha sauti. Aliishi miezi saba bila kusema. Alikuwa mbahili, hakutaka kununua karatasi wakati darini kuna santuri themanini zisizo na kazi, basi kila alichotaka kusema kitandani aliandika juu ya hizo santuri zake mwenyewe. Funga dirisha. Kahawa ina maji. Nani amepiga simu. Miezi saba yote ya mazungumzo yao ilikuwa ndani ya lile boksi.

"Na sikiliza hii," sir alisema, akapangusa machozi ya kicheko.

Siku ya mwisho waligombana asubuhi. Mama akaenda kazini, jikoni kwenye nyumba ya wazee, akiwa amekasirika. Aliporudi Sixten alikuwa amekufa, na sakafuni chini ya mkono wake ilikuwa santuri moja iliyoandikwa kwa chaki nyekundu, kwa sababu penseli ilikuwa imeanguka mbali. Mama hakuisoma. Hakuweza. Aliiweka kwenye boksi pamoja na nyingine, boksi likapanda darini, miaka kumi na minne. Mwaka huu ametimiza sitini na sita na amepata nguvu. Binti yake amemlipia safari ya watalii ya kuja Dubai mwezi Desemba. Atakuja kulichukua boksi mwenyewe. Kama ni shida kwa Bwana Hallgren kutafuta zote, basi amtengee hiyo moja tu, nyekundu.

Sikucheka. Nilikwenda msalani nikasimama pale nikiangalia bomba. Nilinawa mikono. Nikanawa tena. Harufu ya spiriti haikutoka.

Niliporudi nikamwuliza, "Sir, utamwambia nini?"

"Atasahau. Wazee hawa wanaandika tu." Alisukuma sahani. "Malizia zile ishirini na moja. Mtu wa Osaka ameshalipia ya kwanza."

"Sir, ile nyekundu uliisoma kabla hujanipa?"

"Mimi? Mimi natazama mifereji ya sauti, Hesbon. Maandishi ni uchafu."

Nilishuka chini kwa Yowasi. Alikuwa amekaa kwenye kibanda chake cha getini, redio ndogo masikioni. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaivaa tena.

"Huyo mama anakujua?"

"Hapana."

"Basi nyamaza, ssebo. Hoteli yenu inafukuza watu, unalijua hilo kuliko mimi. Mzungu akikuhamishia viza umepona. Mambo ya wazungu na wafu wao waachie wazungu."

"Nimefuta maneno ya mtu ya mwisho, Yowasi."

"Ulijua?"

"Sikujua."

"Khalas. Yamekwisha."

Lakini haikuwa khalas. Ijumaa iliyofuata nilimwambia sir spiriti imekwisha. Iliyofuata nikasema macho yanauma. Sikuwa shujaa, shujaa angesema sifuti. Mimi nilikuwa nakwepa kama mtoto aliyetumwa maji, nikitumaini Desemba itapita bila kufika. Wakati huo huo nilimpelekea nakala ya pasipoti yangu na picha mbili za mandhari nyeupe, kwa ajili ya fomu. Nilizipokea sifa zake na nilimdharau, vyote kwa wakati mmoja, na sijui ni kipi kilichonitia kinyaa zaidi.

Mama Gunvor alikuja Ijumaa ya pili ya Desemba, saa tisa alasiri. Yowasi alipiga simu kutoka getini: "Yuko hapa. Ni kamama kafupi." Sir alirukaruka sebuleni, akavaa suruali, akasukuma godoro nyuma ya kochi. Fomu ya viza ilikuwa mezani, imejazwa, bado sahihi yake tu. Aliniona nikiiangalia.

"Wewe hujui chochote," aliniambia. "Nitasema mimi. Ukiulizwa, unakubali."

Gunvor alikuwa mfupi kweli, pua imebabuka na jua la siku mbili, viatu vizito vya nchi ya baridi miguuni, mkononi mfuko wa plastiki wa hoteli. Hakungoja kuambiwa aketi. Walianza kwa lugha yao, kisha aliponiona akauliza mimi ni nani, sir akasema msaidizi, naye akahamia Kiingereza. Kiingereza chake kilikuwa cha polepole lakini kilisimama wima.

"Sitaki kuzungumza mbele ya mtu lugha asiyoijua," alisema. "Nimefanya kazi miaka thelathini na wazee. Najua inavyouma."

Sir alidhani muziki utamlainisha. Akaenda chumbani, akatoa moja ya zile safi, akaiweka kwenye mashine. Gitaa likaanza kukwaruza, Sixten akaanza kulia kwa pua. Mama yule alisikiliza kama sekunde kumi.

"Zima. Aliimba vibaya siku zote. Iko wapi nyekundu?"

Sir akaleta boksi la zile ishirini na moja, akaliweka mapajani mwa mama. Akaanza kueleza joto la Dubai, unyevu, jinsi karatasi ya zamani inavyopauka. Nyingi maandishi yamepotea yenyewe, alisema, inasikitisha. Na nyekundu pia. Nta na joto, unajua.

Mama alikuwa anapekua. Alisimama kwenye moja, midomo ikacheza, akatabasamu kidogo. Ilikuwa kahawa au dirisha, sijui. Akaendelea hadi mwisho wa boksi. Mikono yake ikatulia.

"Imepotea," alisema.

"Karatasi tu," sir alisema. "Lakini mimi niliisoma, Gunvor, kabla haijapauka. Ndiyo maana nimefurahi umekuja. Niliisoma na sikuisahau."

Nilimtazama mtu huyo. Uso wake ulikuwa mpole kama wa mchungaji wa kanisa. Nilijua anachotaka kufanya, na bado sikuamini kwamba mtu anaweza kukifanya akiwa ameketi, miguu imepishana.

"Ilisema nini?" mama aliuliza.

"Ilisema: Nisamehe, Gunvor."

Mama hakulia. Alinigeukia mimi.

"Na wewe uliiona?"

Mezani ile fomu. Picha yangu imebandikwa juu, nimefunga tai ya kuazima. Nilijiambia mambo mengi kwa sekunde moja. Nilijiambia ni huruma. Nilijiambia mama huyu amesafiri mbali, neno lile litamtosha, ukweli hautamrudishia kitu. Yote hayo yangeweza kuwa kweli kama fomu isingekuwepo.

"Ndiyo, madam," nilisema. "Niliiona."

Akatikisa kichwa taratibu, mara mbili tatu. Kisha akaanza kurudisha santuri kwenye boksi, moja moja, akizipanga.

"Sixten hakuniita Gunvor hata siku moja," alisema. "Aliniita wewe. Miaka ishirini na minane, wewe. Hata kwenye sherehe ya harusi." Akamtazama sir, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. "Nilikuwa tayari kuambiwa imepotea. Nilijiandaa kwa hilo kwenye ndege. Kwa hili sikujiandaa."

Sir akainuka, akaanza kuzungumza haraka kwa lugha yao. Mama alisimama na boksi. Sir akamwambia zile nyingine zipo, sitini na mbili, safi kabisa, anaweza kuchukua chache kama kumbukumbu. Hapo alijibu kwa Kiingereza, nadhani ili nami nisikie.

"Baki nazo. Hazina mtu ndani."

Akatoka. Mlango haukubamizwa, ulifungwa vizuri. Sir akashusha pumzi, akakaa, akanyoosha mkono kuchukua samaki wake. "Ishirini na moja si hasara kubwa," aliniambia. "Leta kalamu, tumalize fomu yako."

Sikuleta kalamu. Sitaki kujipamba, sikumwambia neno wala sikumtemea mate, ingawa mdomo ulikuwa umejaa. Nilitoka tu, na soksi miguuni, viatu nimeviacha, nikamkuta mama kwenye lifti anasubiri, boksi kifuani.

"Madam," nilisema, "nilidanganya. Yeye hakuisoma. Hakuna aliyeisoma. Haikupauka kwa joto. Mimi ndiye niliyeifuta. Nyekundu na zile nyingine zote. Ni kazi yangu."

Hakushtuka. Labda alikuwa ameshajua alipoiona mikono yangu, vidole vilivyochunika kwa spiriti. Aliuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Ilikuchukua muda gani?"

"Dakika arobaini."

"Na hukumbuki hata herufi moja?"

Nilijaribu. Mungu ananiona, nilijaribu kwa nguvu zangu zote. Nilikumbuka joto la kijiko. Nilikumbuka nta ilivyojikunja mbele ya kijiti, vipande vya pamba vilivyogeuka waridi, na ukingo wa karatasi niliouogopa usichanike. Herufi hapana.

"Nilikuwa natazama doa, madam."

"Dakika arobaini," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa na hasira tena. "Mimi niliiokota sakafuni, nikaigeuza uso chini, nikaitia kwenye boksi. Sikuitazama hata dakika moja."

Lifti ikafunguka. Nilinyoosha mikono nimbebee boksi hadi chini, maana lilikuwa zito. Aliitazama mikono yangu, akalikumbatia boksi vizuri, akaingia nalo mwenyewe.